C imejaa, D iko tupu: maswali yenu ya diski

Diski yangu ni ya GB 500, imegawanywa vipande viwili, C na D. C imejaa hadi imekuwa nyekundu, D ina GB 200 zimekaa bure. Nimepunguza D, lakini kwa C ile "Extend Volume" imefifia, haibofyeki. Nifanyeje? (Nkuhungu, Dodoma)

Ukipunguza D, nafasi iliyoachiwa inakaa mkiani mwa D, na Windows huongeza C kwa nafasi inayopakana nayo tu, upande wa kulia. Watu wa Dodoma mambo ya viwanja mnayajua: huwezi kuongeza chumba kwenye ardhi iliyo ng'ambo ya kiwanja cha jirani.

Njia nyepesi ni hii. Nakili vyote vya D kwenye diski ya nje, fungua faili kadhaa uhakikishe zinafunguka, kisha ingia "Disk Management", sehemu ya Windows ya kugawa diski, uifute D. Sasa bofya kulia kwenye C, uongeze. Ikiwa bado imefifia, tazama mchoro ulio chini: huenda katikati kuna kipande kidogo cha MB mia kadhaa kilichoandikwa "Recovery". Hicho hakisogei kwa Windows yenyewe. Wengi hutumia GParted, programu ya kugawa diski inayowashwa kutoka kwenye flashi. Kazi hiyo usiianze siku umeme unapochezacheza. Ukikatika wakati data inahamishwa, waweza kupoteza kila kitu, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) haina pa kujishikiza.

Halafu, samahani kuuliza, folda ya Downloads umeichungulia? C nyingi ninazoletewa zimejazwa na humo.

Nimeuziwa diski ya GB 500, kompyuta inasoma 465. Nimepigwa? (mwenye steshenari, Kongwa)

Hujapigwa. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu 1,073,741,824. Gawanya mwenyewe.

Shikamoo fundi. Tasnifu yangu iko C, nakala iko D. Niko salama? (mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Marahaba. Hapana, hauko salama. Kwa kawaida C na D ni vipande vya diski ile ile moja. Ikifa, zinakufa pamoja. D itakufaa siku Windows inapowekwa upya, na hata siku hiyo mwambie fundi kwa mdomo asiiguse, maana wapo wanaofuta vyote bila kuuliza. Weka nakala kwenye flashi, isiyokaa begi moja na kompyuta, na nyingine jitumie kwa barua pepe leo hii.

Naona kipande cha MB 100 kimeandikwa EFI, hakina herufi. Nikifute nipate nafasi? (Manyoni)

Usikiguse! Windows inawakia hapo.

Nimenunua diski ya TB 4 ya kuwekea video za harusi, lakini naweza kutumia TB 2 tu. (mpiga picha, mtaa wa Area D, Dodoma)

Imeandaliwa kwa mtindo wa zamani, MBR, ambao kwa kawaida hauvuki TB 2. Toa kilichomo kwanza, kwa sababu njia hii inataka diski tupu kabisa. Futa vipande vyote, bofya kulia kwenye jina la diski upande wa kushoto, chagua "Convert to GPT Disk" (GPT ndio mtindo mpya). Ukifika kwenye kufomati, epuka FAT32: haipokei faili linalofika GB 4, na harusi ya saa sita inavuka hapo mapema. Chagua NTFS, au exFAT kama mhariri wako anatumia Mac.