Kilio Bila Jeneza: Nilivyoweka Wimbo wa Kanisani Kwenye Kompyuta

Mjomba wangu alifariki Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, wiki ile waasi wa M23 walipoingia mjini. Umeme ulikatika, maji yakakatika, uwanja wa ndege ukafungwa. Habari ilitufikia hapa Kayole, Nairobi, siku nne baadaye, akiwa ameshazikwa na watu wasiomjua. Tukaweka kilio kwa mama: viti vya kukodi, chai, daftari la michango, picha yake mezani. Wageni waliingia wakitafuta jeneza kwa macho, kisha wakabaki wamesimama na pole zao mkononi.

Siku ya tatu mama mkubwa, dada wa marehemu, alituma sauti kwa WhatsApp kutoka huko huko Goma. Alikuwa akiimba «Kaa Nami» peke yake, jenereta ya jirani ikinguruma nyuma yake. Kazi yangu ni kutengeneza muziki kwa kompyuta, basi mama akaniambia, «Mwanangu, sauti ya dada iweke vizuri, Jumamosi watu waimbe nayo.»

Nilikesha. Nikaweka ngoma, besi nzito, na katikati nikapachika milio ya mabomu ili watu waisikie vita. Mama alisikiliza nusu dakika akafunga kompyuta kwa kiganja. «Mabomu nimeyasikia kwenye simu wiki nzima. Niletee dada yangu.» Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa mlangoni akaongeza neno moja: «Disko matanga.» Anayeijua Pwani au Magharibi mwa Kenya anaelewa uzito wa neno hilo. Ngoma za usiku kwenye matanga zimewaudhi wazazi na wachungaji kwa miaka mingi, na wewe ukifika na spika, hilo ndilo la kwanza wanaloliona.

Kwa hiyo ukiombwa kazi kama hii, anza na sauti ya mfiwa, mashine ifuate. Zima ile tiki-tiki ya kuhesabu mapigo. Mtu anayelia huvuta pumzi anapoweza, na ukimkata umpange kwenye mistari ya programu, kile kilio unakifuta. Mama mkubwa alikuwa akishuka kidogo kidogo kila ubeti. Kufikia wa tatu alikuwa chini karibu robo toni. Mazoea yangu yalikuwa kuinyoosha sauti. Safari hii niliishusha sinthesaiza, kile kinanda cha kielektroniki, ubeti kwa ubeti, nikishika sauti moja ndefu chini yake hadi zikutane. Hapo nikamsikia ameegemea kitu. Kama utajifunza jambo moja tu kwangu, jifunze hilo, na ulitengee usiku mzima.

Jenereta niliiacha. Nilijaribu kuiondoa, na sauti ya mama mkubwa ikawa kama ya mtu aliye ndani ya debe, kwa sababu rekodi za WhatsApp hubanwa na ukizikwangua zaidi hakibaki kitu. Omba faili lenyewe, usirekodi simu kwa simu. Besi ipunguze: wengi watasikiliza kwa simu, ambayo besi haiitoi, na kwenye hema au nyumba ya mabati itatikisa paa na kuyafunika maneno. Kati ya beti acha kimya cha kutosha watu kulia. Mimi niliacha sekunde kumi na tano, na zikawa chache.

Msanii mzaliwa wa hapa Nairobi, KMRU, mjukuu wa mwimbaji Joseph Kamaru, hutengeneza muziki kwa sauti zilizorekodiwa mitaani na za kompyuta, mara nyingi bila ngoma kabisa. Msikilize kabla hujagusa chochote. Utasikia kwamba muziki wa mashine unaweza kukaa kimya na mtu.

Kuhusu haki: maneno ya Kiingereza ya «Kaa Nami» («Abide with Me») aliyaandika Henry Francis Lyte mwaka 1847, na tuni inayojulikana zaidi ni ya William Henry Monk, 1861. Sheria ya Kenya hulinda utunzi hadi miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi, basi hivyo viko huru. Lakini tafsiri yaweza kuwa na mwenyewe, na rekodi ya kwaya ina wenyewe. Usichomoe kwaya ya watu mtandaoni.

Jirani yangu Msudani, ambaye amefiwa mara kadhaa tangu vita vilipoanza Khartoum Aprili 2023, aliniomba nimsaidie pia. Tulikubaliana kwamba kisomo cha Kurani sikigusi; kinasomwa kama kilivyo. Tulikaa tukasikiliza pamoja, ikatosha.

Na majina. Tulisoma majina ya marehemu wetu kati ya beti, ndani ya nyumba. Kabla ya kusambaza nilimpigia mama mkubwa kumuuliza, akakataa mara moja: wao bado wako mjini, na jina la marehemu linaonyesha mlango wa waliobaki. Muulize aliye kule, kila mara, hata kama familia ya hapa imekubali. Tulitoa nakala isiyo na majina, faili dogo lipite kwenye mtandao hafifu, na haikupandishwa popote.

Jumamosi watu waliimba wakiwa wamesimama, wameuelekea mkono ulioshika spika. Yule mzee alishika sauti ya chini tangu ubeti wa kwanza.

Jumatatu mama mkubwa alirudisha ujumbe. Alikuwa ameicheza nakala yetu kwenye simu moja na kujirekodi kwa nyingine, akiimba sauti ya pili juu ya sauti yake mwenyewe, wajukuu wakidakia mwisho wa kila mstari. Hiyo sijaiongeza kitu.