USISAINI hiyo nyumba kwa kutegemea Fed (benki kuu ya Marekani) itashusha riba

Mkuu, usisaini Ijumaa. Piga simu leo, waambie unahitaji wiki mbili. Wakinuna, waache wanune.

Umeandika kwamba dalali amekupatia nyumba mpya huko Columbus, mjenzi anakulipia punguzo la riba kwa miaka miwili ya mwanzo, na kwamba rejesho kamili la mwaka wa tatu "halitakukuta" kwa sababu Rais anaweka watu wake Fed, riba itashuka, na wewe utabadilisha mkopo (uchukue mpya wa riba ndogo ulipe ule wa zamani) kabla makali hayajafika. Nilipofika kwenye sentensi hiyo damu ilinichemka. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Houston mwishoni mwa 2023, na mpaka leo nayalipia kila tarehe mosi.

Mkopo wangu ulikuwa dola 300,000, miaka 30, riba 7.5%. Oktoba ile wastani wa riba ya mikopo ya nyumba ya miaka 30 ulikuwa umefika 7.79%, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo 7.5 ilionekana kama nimependelewa. Mjenzi akalipia punguzo: mwaka wa kwanza nikalipa kana kwamba riba ni 5.5%, wa pili 6.5%, wa tatu 7.5 yenyewe. Kwa hela taslimu ni dola 1,703 kwa mwezi, halafu 1,896, halafu 2,098, na hapo hujagusa kodi ya nyumba ya serikali (property tax) wala bima. Huku Texas nyumba mpya ina balaa lake jingine: mwaka wa kwanza unaweza kukadiriwa kodi ya kiwanja kitupu, mwaka unaofuata wanakadiria kiwanja na nyumba juu yake. Nililijua hilo barua ilipofika.

Dalali alikuwa mtu wa nyumbani, tunasali naye. Alinikalisha sebuleni kwangu akaniambia, "Kaka, nyumba unaioa, riba ni mchumba tu. Fed ikishusha, unaachana na mchumba, mke anabaki." Baadaye nikagundua kauli hiyo haikuwa yake. Madalali nchi nzima walikuwa wanaiimba 2022 na 2023, kipindi ambacho riba ilikuwa imewakimbiza wateja na wao wanataka kamisheni. Kwake biashara iliisha siku tuliyosaini, akachukua chake akaenda. Riba nimebaki nayo mimi.

Sasa soma hapa taratibu, maana hapa ndipo hela yangu nyingi ilipopotelea.

Tarehe 18 Septemba 2024 Fed ilishusha riba yake kwa nusu asilimia, mara ya kwanza kushusha tangu Machi 2020. Wiki iliyofuata wastani wa riba ya mikopo ya nyumba ulikuwa 6.08%. Mkononi nilikuwa na ofa ya kubadilisha mkopo kwa 6.125%, gharama zote karibu dola 8,000. Rejesho langu lingekaa 1,823 kwa miaka yote iliyobaki. Lakini mwezi ule mimi nilikuwa bado nalipa 1,703, kwa sababu ya lile punguzo la mjenzi! Ona mtego ulivyotegwa: punguzo lilinifanya nione ofa nzuri kuliko zote nilizowahi kupata kama hasara. Nitoe dola 8,000 ili rejesho lipande?

Nikampigia afisa mikopo. Akaniambia, "Fed ndiyo kwanza imeanza. Kuna kikao Novemba, kuna kikao Desemba. Ukibadilisha leo utalipa gharama tena riba ikifika asilimia tano. Vuta subira." Nikavuta subira. Na Fed ilifanya kila alichosema: ikashusha robo asilimia Novemba, ikashusha robo nyingine Desemba. Jumla asilimia moja nzima ndani ya miezi mitatu. Na riba ya mikopo ya nyumba? Katikati ya Januari 2025 ilikuwa 7.04%.

Rudia kusoma hapo. Fed imeshusha asilimia moja, riba ya nyumba imepanda karibu asilimia moja. Ile ofa ilishakufa zamani. Tofauti kati ya rejesho la ofa ile na rejesho langu kamili la 2,098 ni dola 275 kila mwezi, dola 3,300 kila mwaka, na hiyo ni karo ya wadogo zangu wawili kule nyumbani.

Nilipokasirika vya kutosha ndipo nikaanza kusoma, na nikakuta jambo ambalo dalali na afisa mikopo walipaswa kuniambia siku ya kwanza. Fed haipangi riba ya mkopo wako wa nyumba. Inachopanga ni riba ambayo mabenki yanakopeshana usiku mmoja. Hiyo inagusa moja kwa moja kadi yako ya mkopo, maana mabenki huchukua kiwango cha juu cha Fed, wanaongeza asilimia tatu, na hapo ndipo hesabu ya kadi inapoanzia. Mkopo wa nyumba wa miaka 30 wenyewe unafuata hati fungani za serikali za miaka 10, yaani karatasi ambazo serikali inauza ili kukopa hela kwa wawekezaji. Anayenunua hati hizo anajiuliza: katika miaka kumi ijayo bei za vitu zitapanda kiasi gani, na serikali itakopa kiasi gani? Akiingiwa na hofu anadai faida kubwa zaidi, na mkopo wako unapanda naye.

Kwa nini basi ilikuwa 6.08 Septemba? Kwa sababu wanunuzi wa hati walishajua Fed itashusha, wakapanga bei mapema. Bei ya mchele sokoni huanza kushuka siku habari zinapofika kwamba meli imeng'oa nanga, haisubiri gunia lishushwe gatini. Gunia liliposhushwa, habari zilikuwa zimeshageuka: ripoti ya ajira ya mwanzoni mwa Oktoba ilitoka na nguvu kuliko ilivyotarajiwa, halafu ukaja uchaguzi wa Novemba, na wawekezaji wakaanza kupiga hesabu ya ushuru wa forodha na punguzo la kodi vilivyoahidiwa majukwaani. Ushuru unapandisha bei. Punguzo la kodi linaongeza deni la serikali. Faida ya hati za miaka 10 ikatoka kama 3.6% katikati ya Septemba hadi karibu 4.8% katikati ya Januari. Siku ile ile ya Desemba ambayo Fed ilishusha, ilitoa na makadirio yake kwamba 2025 itashusha mara mbili tu badala ya mara nne. Afisa mikopo wangu hakunitajia hilo hata kwa ujumbe wa simu.

Sasa wewe unaniambia Rais ataweka watu wake. Trump mwaka mzima wa 2025 alimshambulia Powell, mwenyekiti wa Fed wakati huo, hadharani akitaka riba ishuke. Agosti alitangaza kumwondoa Lisa Cook, mmoja wa magavana wa Fed, kesi ikaenda mahakamani, mama akaendelea kupiga kura kwenye vikao vya riba. Septemba mtu wa Rais, Stephen Miran, aliingia kwenye kikao chake cha kwanza akitaka nusu asilimia. Kura ilikuwa 11 kwa 1, yule mmoja ni yeye. Wapiga kura pale ni 12: magavana saba ambao muhula wao kamili ni miaka 14, rais wa tawi la New York, na marais wanne wa matawi mengine wanaopokezana. Hakuna anayebadilisha meza hiyo kwa mwezi mmoja.

Na hata Rais akiibadilisha yote, ndipo ungeogopa zaidi. Rais Nixon alimbana mwenyekiti wa Fed wa wakati wake, Arthur Burns, hela ziwe rahisi kukopa kabla ya uchaguzi wa 1972. Mazungumzo yao yapo kwenye kanda za Ikulu. Nixon alishinda majimbo 49. Mwaka 1974 mfumuko wa bei ulipita 12%. Bei ya mafuta ya 1973 ilichangia, sikatai, lakini moto ulikuta kuni zimeshakauka. Aliyekuja kuuzima ni Paul Volcker, aliyeteuliwa mwenyekiti wa Fed 1979, na aliuzima kwa kupandisha riba mpaka nchi ikalia. Oktoba 1981 mkopo wa nyumba wa miaka 30 ulikuwa 18.63%. Wajenzi wa nyumba walikuwa wanamtumia Volcker vipande vya mbao kwa posta, kwa sababu mbao hazikuwa na pa kwenda. Hadi 1986 ndipo riba ile ikashuka chini ya 10%. Anayekuambia "riba hushuka tu, subiri" muulize kama yuko tayari kukulipia rejesho miaka yote hiyo.

Mnunuzi wa hati fungani anaijua historia hiyo. Akiona Ikulu imeishika Fed mkono, anahofia mfumuko wa bei kesho na anadai faida kubwa leo. Kwa hiyo jambo unalolisubiri likuokoe linaweza kabisa kukupandishia mkopo. Aprili 2025 tuliona kidogo: Trump alitangaza ushuru tarehe 2, wiki moja baadaye faida ya hati za miaka 10 ilikuwa imeruka kuelekea 4.5%, naye akasimamisha sehemu kubwa ya ushuru ule kwa siku 90.

Utaniambia, "Lakini Fed ilishusha tena 2025." Ndiyo, mara tatu, Septemba, Oktoba na Desemba, hadi 3.50–3.75%. Mwisho wa mwaka riba ya nyumba ilikuwa juu kidogo ya 6.1%. Yaani pale pale ilipokuwa Septemba 2024, ingawa Fed ilikuwa imeshuka asilimia moja na robo zaidi.

Na kwa nini sikubadilisha mkopo hapo? Hili hakuna dalali atakalokuambia. Fed ilianza tena kushusha 2025 kwa sababu ajira zilikuwa zimelegea. Mlango ukifunguka, mara nyingi unafunguka wakati mshahara wako nao umetikisika. Mimi zamu zangu za ziada hospitalini zilikatwa, mke wangu kazi yake ikaisha, na tathmini ya nyumba ikatoka chini ya nilivyonunua kwa sababu mjenzi yule yule alikuwa anauza nyumba kama yangu, mtaa wa pili, kwa bei pungufu. Benki haibadilishi mkopo kwa sababu Powell ametabasamu kwenye televisheni. Inataka hati za mshahara, alama zako za mkopo, na thamani ya nyumba. Vitatu hivyo kwangu vilikuwa vimeshuka kwa pamoja.

Watakaokuja hapa chini kuandika "mbona mimi nilinunua na riba ikashuka", hongereni, lakini msimshauri mtu kwa bahati yenu.

Kwa hiyo chukua rejesho la mwaka wa tatu, lile kamili bila punguzo, ongeza kodi ya nyumba iliyokadiriwa kwenye nyumba iliyokamilika, ongeza bima. Linganisha na mshahara wako wa saa 40 kwa wiki, bila ovataimu, bila mshahara wa shemeji anayekaa kwenu. Kama hulimudu kwa mwaka mzima, nyumba hiyo si yako, hata Rais amteue nani. Kama unalimudu, saini kwa amani, na riba ikishuka siku moja hiyo itakuwa ziada.

Halafu mwambie mjenzi hivi: hela unayotaka kunilipia punguzo la miaka miwili, ishushe kwenye bei ya nyumba, au inunue riba ya chini ya kudumu. Akikataa, muulize sababu na uniandikie jibu lake hapa. Piga picha karatasi ya makadirio ya mkopo, ukurasa wa kwanza, ziba jina na anwani, uiweke kabla ya Alhamisi jioni. Natoka zamu saa moja asubuhi, nitaipitia mstari kwa mstari kabla sijalala.