Usisaini barua ya kupokea kompyuta hizo kabla ya kuhesabu umeme

Ndugu, usisaini. Umeeleza kwamba shule yenu ya kata imeahidiwa kompyuta 20 za mezani zilizotumika Ulaya, kwamba umeme wa gridi haujawafikia, na kwamba "sola tunayo" kwa ajili ya taa za madarasa. Kisha unauliza ni mtandao upi wenye kasi zaidi vijijini, walimu wafundishwe nini kwanza, na chumba kipangwe vipi. Mimi nimekwama kwenye hayo maneno mawili, "sola tunayo", kwa kuwa ndiyo yaliyotumaliza sisi huku Ruvuma, na inaniuma kuona yanaandikwa tena na mtu mwenye nia njema.

Kwetu alikuja mtu aliyejitambulisha kuwa mshauri wa miradi ya TEHAMA. Alitazama paneli zilizo juu ya bati akiwa amesimama uwanjani, akaiambia bodi ya shule kwamba zinatosha. Hakuuliza ni za wati ngapi, hakufungua sanduku la betri, wala hakugeuza kompyuta hata moja kusoma kibandiko cha nyuma. Sisi tulisaini kwa neno lake. Wazazi walichangishwa fedha za usafiri kutoka Dar es Salaam, za meza, na za nondo za madirisha, na wengine waliuza mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, ili wasionekane wanarudisha nyuma maendeleo ya watoto. Siku ya uzinduzi ziliwashwa kompyuta chache tu kwa ajili ya picha, na wageni wakaondoka wameridhika.

Zilipowashwa zote kwa somo halisi, kidato cha pili wakiwa wamekaa wawili wawili, inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha kompyuta, ilianza kulia kabla kipindi hakijafika katikati. Monita za safu ya nyuma zikazimika, kisha za mbele, na mwalimu akabaki anasoma maelezo kutoka kwenye daftari lake. Fundi tuliyemwita alipima betri zikiwa bado na mzigo, mita ikasoma volti 10.5. Betri ya volti 12 ikishushwa hadi hapo imekwisha chaji kabisa, na betri za asidi zikifanyiwa hivyo mara kwa mara haziponi. Baada ya muda mfupi zilivimba ubavuni, na hata taa ambazo wanafunzi wa bweni walikuwa wakisomea usiku zikawa hazidumu hadi saa tatu. Yaani msaada uliokuja kuwaunganisha na dunia uliwanyang'anya hata mwanga waliokuwa nao. Simu za yule mshauri zilikuwa hazipokelewi, na siwezi kumsamehe kirahisi, kwa sababu hesabu aliyotakiwa kuifanya ni ya darasa la saba.

Hesabu yenyewe ni hii. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na monita yake, ichukulie kuwa inakula wati 100, na nyingine hula zaidi. Kompyuta 20 ni wati 2,000, na zikitumika saa 4 kwa siku ni uniti 8, maana uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Betri moja ya volti 12 yenye saa-ampea 200 ina uniti 2.4 (12 mara 200, gawanya kwa 1,000), lakini ukitaka ikae miaka, usitumie zaidi ya nusu yake, yaani uniti 1.2. Kwa hiyo unahitaji betri 7, bado hujahesabu umeme unaopotea kwenye inveta wala siku za mawingu ya masika. Paneli ya wati 300 huzalisha kama uniti moja, au zaidi kidogo, kwa siku yenye jua zuri. Sasa pandeni juu ya bati mkahesabu mlizonazo.

Mzigo huohuo kwa kompyuta mpakato za wati 30 ni uniti 2.4 kwa siku, tena kila moja ina betri yake ya ndani. Vishikwambi hula umeme mdogo kuliko hata huo. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ambayo hula wati chache tu, inaweza kuwa seva ya darasa zima, yaani mashine inayohifadhi masomo na kuyagawa kwa nyingine, na kuwagawia wanafunzi masomo ya Kolibri au Wikipedia iliyohifadhiwa kwa Kiwix, programu mbili zinazofanya kazi bila intaneti kabisa. Wenzetu wa Kenya, ambao mradi wao wa kompyuta za shule za msingi uliahidiwa mwaka 2013, walitumia nguvu kubwa kufikisha umeme shuleni kabla vishikwambi havijaanza kugawiwa mwaka 2016. Hapa kwetu Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ili minara ijengwe vijijini, na hilo ni jambo jema. Lakini mnara hauchaji kompyuta, na Waafrika wengi wasiotumia intaneti leo wanaishi mahali ambako mawimbi yamekwisha kufika.

Kwa hiyo waandikieni wafadhili kabla kontena halijapakiwa. Waombeni wawaambie kila kompyuta ni ya wati ngapi, na kama wanaweza kubadilisha hizo 20 za mezani kwa mpakato 10. Waulizeni pia ni nani atanunua betri mpya wakati hizi za kwanza zitakapochoka, maana zitachoka, na jibu liwe kwenye barua yenye sahihi, si la mdomo. Akitokea mtu wa kuwaambia kwamba sola yenu inatosha, mpeni kalamu na karatasi, aandike wati, saa na idadi ya betri mbele ya bodi nzima. Akikataa, msipokee hata kompyuta moja. Mkishapata namba zao ziwekeni hapa, nitazipitia pamoja nanyi.