JIBU: Amekutwa na muguka, shule inataka nimweke nyumbani muhula mmoja

USIMTOE. Salamu baadaye.

Kijana yuko kidato cha pili, amekutwa na muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, begini, naibu mwalimu mkuu anakushauri umweke nyumbani "kwa hiari yako" muhula mmoja atulie. Na wewe umeshakubali, unauliza tu ununue kipimo gani cha mkojo na shule ianzishe klabu gani. Subhanallah.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo 2019 kuhusu kijana wangu, kwa sauti laini kabisa: "Mzee, ukimtoa mwenyewe faili lake linabaki safi." Nikamshukuru yule bwana, nikamwachia na mia tano ya chai. Mpaka leo mke wangu akitaka kunimaliza hunitajia ile mia tano.

Piga hesabu. Shule ilikuwa inakaa naye tangu asubuhi mpaka saa kumi. Mimi niko zamu bandarini, mamake yuko soko la Kongowea tangu alfajiri. Hayo masaa nilimpa nani? Nilimnunulia vitabu vya marudio, nikajiona baba hodari. Wiki ya kwanza alisoma. Ya pili akakaa barazani. Ya tatu akahamia maskani nyuma ya gereji, kwani saa nne asubuhi mtaani kwetu wenzake wote wako darasani, waliobaki na nafasi ya kupiga naye soga ni mateja. Wakampokea vizuri kuliko shule ilivyowahi kumpokea. Muguka ikawa bangi, bangi ikawa kete za heroini.

Muhula ulipofunguliwa alirudi siku nane tu. Nilimkuta kitandani anatetemeka, makamasi yanamtiririka, nikasema malaria hii, nikampa Panadol. Arosto, bwana, mwili unadai heroini, na mimi natibu kwa Panadol! Cheka, mimi mwenyewe hucheka mapema kabla hamjaanza nyinyi.

Sasa ni kliniki ya Kisauni, kwa methadoni, dawa wanayopewa badala ya heroini. Kila siku, anakunywa mbele ya mhudumu. Mvua, Iddi, msiba, lazima aende. Nashukuru ipo.

Kinachoniuma ni kwamba yule naibu alijua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013, kifungu cha 35: mwanafunzi hafukuzwi mpaka njia nyingine zote zimeshindikana, na yeye na mzazi wasikilizwe kwanza. Tena akifukuzwa, apelekwe taasisi ya kurekebisha tabia, si barazani kwangu. Ndiyo maana alitaka hiari yangu. Ukimtoa kwa hiari, hakuna kikao cha kumsikiliza.

Nakusikia ukisema mbona hata shuleni muguka imo. Imo. Mei 2024 kaunti yetu ya Mombasa ilipiga marufuku, mahakama ikasimamisha marufuku, na muuza kibanda wala hakuhama. Lakini ndani ya geti kuna mtu wa kumwona mtoto. Wangu aliniambia baadaye kwamba shule nzima hakuna mwalimu aliyemwita kwa jina, ila kwenye rejista. Hilo ndilo la kudai: mwalimu mmoja amjue, amtafute asipoonekana, ampe kazi ya kumbakisha pale mpaka jioni, iwe kandanda au funguo za maabara. Adhabu wampe, afagie hata uwanja mzima, lakini afagie akiwa humo humo ndani.

Kesho nenda na mamake, msiende mmoja. Wakikuletea karatasi ya kusaini, iache mezani.