Wasomaji Wauliza: Singapore kwa Akiba ya Mwalimu

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Gungu, Kigoma. Kwa miaka minne nimekuwa nikiweka akiba katika kikoba chetu, na shabaha yangu ni kuuona mji wa Singapore kwa siku tano katika likizo ya Desemba. Wenzangu wananiambia kwamba ule ni mji wa matajiri, na kwamba nisipokopa nitaadhirika ugenini. Je, mtu mwenye begi la mgongoni na fedha ya kuhesabu anaweza kukaa kule? – Msomaji, Gungu.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wenzako wamekueleza nusu ya habari. Singapore ni ghali kwa anayetaka chumba cha hoteli, teksi, pombe na meza yenye kitambaa cheupe. Lakini mji huohuo una wafagizi, madereva wa basi na wauza maduka ambao hula nje karibu kila siku na kurudi kazini kesho yake. Ukila wanapokula na kupanda wanachopanda, akiba yako itakufikisha mbali. Mkopo ninakusihi uuache kabisa. Kama fedha haitoshi tiketi, kitanda na chakula, ongeza mwaka mmoja wa kuweka akiba, mji hauhami.

Gharama usiyoweza kuipunguza sana kwa kujibana ni tiketi ya ndege, ambayo kwa kawaida hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai. Ikate mapema, na ukisafiri kwa treni kutoka Kigoma, panga kufika Dar es Salaam siku mbili kabla ya safari, kwa sababu ndege haimsubiri abiria ambaye treni yake imechelewa njiani. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Fomu ya kuingia nchini hujazwa kwa intaneti ndani ya siku tatu kabla ya kufika, nayo ni bure. Anayekutoza fedha kwa fomu hiyo mkimbie.

Kuhusu malazi, tafuta hosteli za vitanda vya ghorofa katika mitaa ya Little India, Kampong Gelam au Chinatown. Kitanda kimoja katika chumba cha pamoja hugharimu takriban dola 30 hadi 50 za kule kwa usiku, na dola moja ya Singapore haiko mbali na shilingi elfu mbili. Nenda mwanzoni mwa Desemba, kwa maana bei hupanda Krismasi inapokaribia, na ufungashe mwavuli, kwa kuwa huo ni msimu wao wa mvua nyingi.

Sasa nije kwenye chakula, ambacho ndicho hasa kinachowaponza wageni. Kuanzia mwaka 1971 hadi 1986 serikali iliwahamisha wachuuzi waliokuwa wakipika kandokando ya barabara, ikawajengea kumbi zenye maji ya bomba na mitaro ya majitaka, na kumbi hizo ndizo zinazoulisha mji hadi leo; UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliuingiza utamaduni wa kumbi hizo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020. Sahani ya kushibisha huuzwa kwa dola 4 hadi 7. Asubuhi yangu ya kwanza katika ukumbi wa Geylang Serai niliagiza nasi lemak, nikafunua jani la mgomba na kukuta wali uliopikwa kwa tui la nazi, karanga za kukaanga, vipande vya tango, pilipili ya kusagwa, na juu yake dagaa wadogo wa baharini waliokaushwa kwa mafuta hadi wanalia menoni. Nilikula nikiikumbuka Kibirizi, mwalo wa dagaa wa Kigoma. Wewe mtu wa Kigoma hutahisi ugeni mezani pale.

Jioni ya siku hiyohiyo nilikosea. Niliingia mgahawa mmoja kando ya mto, nikaagiza samaki wa dola 30 bila kuuliza maana ya alama mbili za kujumlisha (++) zilizoandikwa baada ya bei. Maana yake ni kwamba huongezwa asilimia 10 ya huduma, kisha kodi, ambayo tangu mwaka 2024 ni asilimia 9, hivyo samaki yule leo angefikia karibu dola 36. Ukiziona alama hizo, simama na upige hesabu kwanza. Maji usinunue, ya bombani ni salama, beba chupa yako.

Usafiri ni rahisi: treni hutoka uwanja wa ndege wa Changi hadi mjini, na nauli nyingi za treni na basi hazizidi dola 3. Usile wala usinywe ndani ya treni, hata maji, kwa kuwa faini yake yaweza kufika dola 500. Bazoka za kutafuna na sigara za umeme usiingie nazo. Na ninakuomba kwa moyo wote, usipokee mzigo wa mtu yeyote wa kumpelekea, awe jirani au ndugu, kwa sababu kule dawa za kulevya huadhibiwa hata kwa kifo.

Vya kutazama bila kulipa ni vingi kuliko siku zako tano. Bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1859 ni bure, isipokuwa sehemu ya maua ya okidi, na taa za miti mikubwa ya chuma ya bustani ya Gardens by the Bay huchezeshwa kwa muziki kila usiku saa mbili kasorobo na saa tatu kasorobo. Kaa chini kwenye sakafu kama wafanyavyo wenyeji, utazame juu.

SWALI: Nami nimepanga safari hiyo, lakini ni Mwislamu na Kiingereza changu ni kidogo. Nitajuaje chakula cha halali? – Msomaji, Tabora Mjini.

JIBU: Tafuta cheti cha halali kilichobandikwa kibandani, hutolewa na baraza la Waislamu la kule. Geylang Serai na mitaa inayouzunguka Masjid Sultan itakutosheleza kwa chakula na kwa swala. Lugha ya taifa ni Kimalei, ambacho kama Kiswahili kimechota mengi katika Kiarabu: dunia ni dunia, wakati ni waktu, na wakikuuliza “Apa khabar?” wanakutaka habari. Ukimaliza kula, rudisha sinia mwenyewe, kwani kuiacha mezani ni kosa, na uangalie maandishi vizuri, maana sinia za halali zina rafu yake peke yake.