Mtaa ukiruhusiwa ghorofa nne, acheni kuhesabu ghorofa

SWALI: Halmashauri inajadili kubadili mtaa wetu kutoka nyumba moja kwa kila kiwanja kuwa eneo la makazi ya msongamano mkubwa, hadi ghorofa nne. Kiwanja changu ni mita 20 kwa 30. Majirani wananitaka nisaini barua ya kupinga ghorofa nne. Dalali naye anadai kiwanja changu tayari "kina ghorofa nne", nisaini makubaliano naye kabla madiwani hawajapiga kura. Nitalazimika kubomoa nyumba yangu? Nisaini wapi?

JIBU: Kubomoa, hapana. Mabadiliko ya namna hii yanaruhusu, hayaamuru. Nyumba iliyojengwa kihalali inabaki ilivyo mpaka mwenyewe aamue vingine. Kwa sasa usisaini popote, kwa sababu majirani na dalali wote wawili wanabishania namba isiyoamua kitu.

Idadi ya ghorofa ni kikomo cha urefu tu. (Na uliza halmashauri kama sakafu ya chini inahesabiwa, wapo wanaoihesabu na wapo wasioihesabu. Hapa naihesabu.) Kinachoamua ukubwa wa jengo ni uwiano, yaani jumla ya eneo la sakafu zote ukigawa kwa eneo la kiwanja. Kiwanja chako ni mita za mraba 600. Tuseme jedwali la kanuni limeacha uwiano wa 0.8 uliokuwepo tangu zamani: jumla ya sakafu zako haiwezi kuzidi mita za mraba 480. Jengo likiruhusiwa kufunika asilimia 40 ya kiwanja, sakafu mbili za mita 240 zinamaliza hizo 480 zote. Ukitaka sakafu nne, kila moja inashuka hadi mita 120. Hujaongezewa hata mita moja; umesimamisha kilichokuwa kimelala. Faida utaipata tu ikiwa kikomo cha "nyumba moja" nacho kimefutwa. Kila sakafu ya mita 120, ngazi na korido zikichukua kama 18, inatoa nyumba mbili za mita 51. Jumla ni nane.

Sasa angalia umbali kutoka mpakani. Kanuni nyingi huuongeza kadiri jengo linavyopanda. Ikiandikwa kwamba kila upande uachwe nusu ya urefu wa jengo, sakafu nne zenye kimo cha mita 12 hivi zinadai mita 6 kulia na 6 kushoto. Wewe mwenye upana wa mita 20 unabaki na 8, jengo jembamba lakini linajengeka. Jirani mwenye kiwanja cha mita 15 anabaki na 3, upana wa chumba kimoja. Kwenye ramani ya halmashauri viwanja vyote viwili vimepakwa rangi ileile na vyote "vina ghorofa nne".

Halafu maegesho. Gari moja, pamoja na nafasi ya kugeuzia, hula mita za mraba 25 hadi 30. Wakidai gari moja na nusu kwa kila nyumba, nyumba nane ni magari 12: mita 300 hadi 360 kati ya 480 zilizobaki wazi (600 za kiwanja ukitoa 120 za jengo). Na pasipo na bomba la majitaka, nyumba nane zenye watu wanne wanne, kila mtu akitumia lita 120 kwa siku, zinamwaga zaidi ya lita 3,000 kila siku kwenye shimo lililochimbiwa familia moja. Hoja ya kupeleka kwenye kikao ni hiyo, na ina nguvu kuliko "ghorofa zitatuchungulia".

Mji wa Minneapolis, Marekani, uliruhusu nyumba hadi tatu kwa kiwanja kuanzia 2020. Zilizojengwa ni chache mno, na sababu moja kubwa ni kwamba umbo la jengo liliachwa karibu sawa na la nyumba ya familia moja. Houston wao mwaka 1998 waligusa ukubwa wa kiwanja chenyewe: katikati ya mji kima cha chini kiliteremshwa kutoka mita za mraba 465 hivi hadi 130, na safu za nyumba zikaota kweli. Kwa hiyo omba jedwali la kanuni, si ramani ya rangi wala bango, usome mistari mitano: uwiano, asilimia ya kufunika, umbali wa mpakani, maegesho, idadi ya nyumba kwa kiwanja. Pingamizi au ombi lako liandikwe kwa maandishi, ndani ya muda uliotangazwa, likitaja namba ya kiwanja na mstari unaotaka ubadilishwe uwe nini. "Uwiano uwe 1.2 badala ya 0.8" ni ombi ambalo afisa mipango miji anaweza kulifanyia kazi. Barua ya saini mia mbili inayosema "hatutaki ghorofa" huishia kwenye faili.

Kuhusu dalali: pendekezo si kanuni. Linaweza kurudi kutoka kwenye kikao likiwa na sakafu tatu, au mtaa wako umekatwa nje. Makubaliano anayokuharakisha kusaini, mara nyingi, yanafunga bei ya leo na kumpa yeye haki ya kununua baadaye. Kura ikipita ongezeko ni lake, isipopita anaondoka zake. Wapo pia wanaouza "ramani za ghorofa nne zilizokwisha pitishwa" kabla kanuni yenyewe haijapita. Hakuna ramani ya aina hiyo. Kibali cha ujenzi hutolewa kwa jengo fulani kwenye kiwanja fulani, baada ya kanuni kuanza kutumika, na masharti ya hati yako ya kiwanja yakisema "nyumba moja ya makazi" kura ya madiwani peke yake kwa kawaida haiyafuti. Hati hiyo itoe kabatini uisome kabla ya kumlipa mtu yeyote, hata mchora ramani.