Maswali na Majibu: Vitabu vya Picha vya Usanifu wa Michoro na Matangazo

SWALI: Nina kibanda cha kutengeneza mabango na kadi. Nataka kitabu kimoja kikubwa cha historia ya usanifu wa michoro wa kisasa na matangazo ya biashara. Wauza vitabu vya mtumba kule Posta wanacho, kinene, bei ya kuridhisha, ila jirani yangu anasema ni kopi. Nitajuaje? (Msomaji, Sinza)

JIBU: Nenda na lenzi ya kukuza mara 10, kama wanayotumia masonara, na uanze na maandishi kabla ya picha. Angalia herufi nyeusi za aya ya kawaida. Kitabu kilichochapwa na mchapishaji wake halisi kina herufi zilizojaa wino mweusi mtupu, kingo zake safi. Kile kilichopigwa skani kikachapwa upya, mara nyingi herufi zake zimevunjika kuwa vinukta, pengine vya rangi rangi, maana mashine iliuchukua ukurasa mzima kama picha. Ukiona hivyo, kirudishe mezani hata kama jalada linang'aa.

Ukija kwenye picha, kumbuka kuwa rangi zote hutokana na vinukta vya aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kila rangi huchapwa kwa bamba lake, linaloitwa sahani; moja ikisogea kidogo tu, kingo za picha huota kivuli chekundu au cha samawati. Fungua pia katikati ya kitabu, utazame mgongo: karatasi zilizoshonwa kwa uzi huvumilia, za gundi tupu huanza kung'oka zikifunguliwa sana, hasa kitabu kikiwa kizito.

Lakini vitabu vingi huangukia kwenye maelezo ya chini ya picha. Yanayofaa hutaja mwaka, mbinu ya uchapaji na vipimo vya kazi yenyewe kwa sentimita. Bango la Moulin Rouge, ukumbi wa dansi wa Paris, alilochora Henri de Toulouse-Lautrec mwaka 1891 lina kimo cha karibu sentimita 190. Kitabuni linatosha kiganjani, nawe unadhani ni kijichoro chepesi, usielewe kwa nini umati wa nyuma umepakwa weusi mtupu. Lilibandikwa ukutani lionekane na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Na lilichapwa kwa litografia, yaani uchapaji wa mchoro uliochorwa juu ya jiwe, ambapo kila rangi ilikuwa na jiwe lake na zamu yake mashinini, kwa hiyo rangi chache zilizotanda zilikuwa na faida ya macho na ya mfuko pia.

Matangazo nayo yaonyeshwe ukurasa mzima, pamoja na maneno yake. Tangazo la Volkswagen la 1959, kazi ya wakala Doyle Dane Bernbach wa New York, liliweka kigari kidogo kwenye uwanja mkubwa mtupu. Mhariri akikata ule utupu ili abane nafasi, amekuachia picha ya gari tu.

Kama hujawahi kuwa na kitabu cha namna hii, historia ya usanifu wa michoro ya Philip Meggs, iliyotoka mara ya kwanza 1983, inatosha kuanzia. Tafuta toleo la karibuni, kwani ya mwanzo yana picha nyingi za nyeusi na nyeupe. Usitegemee humo kupata mengi ya kwetu. Kanga, yenye pindo, mji (eneo la katikati) na jina (msemo wake), ni somo zima la kupanga picha na maneno kwenye eneo moja, lakini vitabu hivi huipita kimya.

SWALI: Nikipiga skani bango kutoka kitabuni kisha nikachapa pale steshenari, picha inatoka na mawimbi mawimbi. Printa ni mbovu? (Mwanafunzi, Mwenge)

JIBU: Printa haina kosa. Picha ya kitabuni tayari ina vinukta, skana inaongeza gridi yake, printa nayo inaongeza ya kwake. Gridi zikikutana kwa pembe zisizopatana, mawimbi huzaliwa. Piga skani kwa nukta 600 kwa inchi, washa kwenye programu kile kipengele cha kuondoa vinukta vya uchapaji, kisha ndipo upunguze hadi 300. Ukipunguza kwanza, mawimbi yameshaingia na hayatoki. Skana ikikosa kipengele hicho, geuza kitabu kwenye kioo nyuzi 10 au 15, halafu inyooshe picha kwenye kompyuta.

SWALI: Kitabu changu cha mabango kimelowa mvua ya masika, kurasa zinagandana. Nikianike juani? (Msomaji, Msasani)

JIBU: Hapana, na harakisha. Karatasi ile inayong'aa imepakwa udongo mweupe laini uliochanganywa na gundi. Ikilowa, gundi hulainika. Ikikauka kitabu kikiwa kimefungwa, kurasa huwa ubao mmoja na hakuna wa kuzitenganisha. Kikiwa bado kibichi, weka kipande cha karatasi ya kuokea kati ya kila kurasa mbili, kisimamishe kimefunguka kidogo, elekeza feni pembeni yake isipige moja kwa moja, na ubadilishe karatasi zikilowa. Ukishindwa kukimaliza siku hiyo, kifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiingize friza. Ukikitoa unaendelea pale pale. Jua litakunja kurasa na kufifisha rangi.

Ukungu ukishaota, subiri kitabu kikauke kabisa, kisha ufagie kwa brashi laini nje ya nyumba ukiwa umevaa barakoa. Kitambaa chenye maji kinausambaza. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu havisaidii kwenye rafu ya wazi, kwa kuwa vitashiba hewa ya bahari kabla ya kukifikia kitabu. Vitumie ndani ya kontena lenye kifuniko kinachobana, na rafu iachane na ukuta walau sentimita 5.